Arobaini na mbili toa kumi na saba, wanapata thelathini na tano: majibu ya barua zenu kuhusu Hisabati

Barua za mwezi huu zimetoka mkoani Kigoma, na kilio chake ni kimoja: mtoto anaimba namba vizuri, akipewa swali anapotea. Tumechagua saba, tumezifupisha, na majina tumeyaacha.

Habari za kazi. Nafundisha Darasa la Pili huku Kasulu, nina watoto 96. Wanahesabu hadi mia bila kukosea, lakini nikiandika 42 − 17 zaidi ya nusu wananipa 35. Nimeeleza kukopa wiki tatu nzima. Vifaa sina. Nifanyeje?

Mwalimu, tuitazame kwanza hiyo 35, maana haikutoka hewani. Mtoto ameona 2 juu na 7 chini. Tangu Darasa la Kwanza amezoea kwamba kidogo ndicho kinachotolewa kwenye kikubwa, basi amechukua 7 akatoa 2, akapata 5. Akaja kwa 4, akatoa 1, akapata 3. Amefanya kazi yake kwa uaminifu kabisa. Tatizo ni kwamba kwake 42 si arobaini na mbili. Ni nne na mbili zilizokaa jirani. Ukimweleza kukopa katika hali hiyo, unamwekea kanuni ya pili juu ya kanuni ya kwanza aliyoishika vibaya.

Lugha yetu nayo ina mchango wake hapa. Kumi na tatu inajieleza yenyewe: kumi, na tatu. Lakini ishirini, thelathini, arobaini na kuendelea tuliyapokea kutoka Kiarabu, na ndani ya neno ishirini mtoto hasikii mbili popote. Sitini, sabini na tisini angalau zinafanana na sita, saba na tisa, ingawa nazo zinawachanganya zenyewe kwa zenyewe. Kwa mwezi mmoja, kila namba iiteni majina mawili: arobaini na mbili, makumi manne na mamoja mawili. Darasa zima, kila siku.

Vifaa unavyo, viko kwenye ufagio. Gawa watoto 96 katika makundi ya sita sita, utapata makundi 16. Kila kundi linahitaji njiti 100 zenye urefu wa sentimita 10 hivi, kwa hiyo jumla ni njiti 1,600. Mwambie kila mtoto alete 17. Zitafika 1,632, na hizo 32 za ziada zitafidia zitakazopotea. Njiti za makuti ya mchikichi, zile za ufagio wa chelewa, zinafaa kuliko vizibo vya soda kwa sababu zinafungika. Za kufungia, tafuta tyubu moja kuukuu ya baiskeli. Ikate kwa mkasi kipande baada ya kipande, kila kimoja sentimita 1, kama unavyokata kitunguu. Tyubu ya baiskeli kubwa ina urefu wa karibu mita 2, na wewe unahitaji pete 144 tu, yaani mafungu tisa kwa kila kundi, njiti kumi zikibaki huru. Pete ikilegea, izungushe mara mbili.

Siku ya kwanza msikokotoe chochote. Taja namba, kundi liijenge: "Hamsini na tatu." Mafungu matano, njiti tatu. Kisha uende kinyume: wewe nyanyua mafungu na njiti, wao waandike. Hapa ndipo walimu wengi wanapoharibu kwa huruma, wanafunga mafungu nyumbani na kuyaleta yakiwa tayari. Mtoto asipofunga kumi kwa mkono wake, fungu kwake ni mti mmoja mnene tu.

Siku ya pili wajenge 42. Sema: "Nipe saba zilizo huru." Wana mbili. Nyamaza. Usiwaambie wafanyeje, katika makundi 16 lazima kuna mmoja atakayeanza kuchezea ile pete ya mpira. Akifungua, waulize darasa: je, njiti zimeongezeka? Zimepungua? Bado ni 42, ila sasa zimekaa kama mafungu matatu na njiti kumi na mbili. Watoe saba, zibaki tano. Watoe fungu moja, yabaki mawili. Ishirini na tano. Warudishe kumi na saba waone kama 42 imerudi.

Na hilo neno "kukopa" liacheni. Anayekopa hurudisha, na mtoto mwenye akili atakuuliza deni linalipwa lini. Semeni "fungua kumi".

Baada ya siku tatu au nne za njiti, hamieni kwenye michoro: mstari mrefu ni kumi, nukta ni moja. Kufungua kumi ni kuukata mstari na kuchora nukta kumi. Namba tupu zije mwisho, zikiwa chini ya vichwa viwili, Makumi na Mamoja. Mpangilio huu wa vitendo, picha, kisha alama aliuandika mwanasaikolojia wa Marekani, Jerome Bruner, miaka ya 1960, na shule za Singapore ziliujengea mitaala yake. Lakini mpangilio peke yake hautoshi kama daraja kati ya hatua moja na nyingine limekatika. Kosa la kawaida: mtoto anafungua fungu mkononi, daftarini anaiacha 4 ilivyo, halafu anapata 35 kwa njia mpya. Kwa hiyo katika kila kundi mmoja ashike njiti na mwingine kalamu. Mkono unapofungua pete, papo hapo kalamu ikate 4 na kuandika 3. Wabadilishane zamu.

Maswali kama 402 − 158 yaache hadi Darasa la Tatu. Hapo mafungu ya kumi hayapo kabisa, inabidi kufungua mia kwanza, na asiyezoea kufungua kumi atazama.

Shikamooni. Mjukuu wangu yuko Darasa la Kwanza hapa Gungu. Ukimwambia andika kumi na mbili, anaandika 102. Namba 3 anaigeuza. Kuna watu wanasema ana matatizo ya kichwa.

Marahaba, bibi, na umtulize mama yake. Mtoto ameandika alichokisikia: kumi ni 10, mbili ni 2, basi 102. Hiyo ni dalili kwamba anasikiliza. Kata karatasi ngumu, boksi la sabuni linatosha. Tengeneza kadi pana ya 10, nyingine 20, hadi 90, na kadi nyembamba za 1 hadi 9, upana wake sawasawa na ile sifuri. Aweke 10, kisha 2 aiweke juu ya sifuri, iifunike. Sifuri haijapotea, iko chini. Ainue kadi aione. Dakika tano kila jioni, kadi tatu au nne tu kwa siku.

Kugeuza 3, au kuchanganya 6 na 9, ni jambo la kawaida hadi miaka saba hivi. Aandike kubwa mchangani kwa kidole huku akisema mkono unakoelekea. Akifika Darasa la Tatu bado anageuza, na vitu vitano vilivyo mbele yake bado hawezi kusema ni vingapi, hapo mwone mwalimu wake, na macho na masikio yapimwe kwanza kabla ya mtu yeyote kutaja kichwa.

Mwanangu wa Darasa la Nne, Ujiji, anaimba jedwali lote la kuzidisha. Ukimuuliza saba mara nane anaanza "saba mara moja saba" mpaka afike. Akiwa kwenye mtihani muda unamwishia. Nimchape?

Hapana, baba. Anachojua ni wimbo, na wimbo hauingiliki katikati. Hata wewe ukiulizwa neno la sita la beti ya tatu utaanza mwanzo. Kilichokosekana ni njia za kutoka jibu moja kwenda lingine.

Hesabu kwanza mzigo wenyewe, maana ni mdogo kuliko anavyoogopa. Jedwali la 1 hadi 10 lina majibu 100. Lakini 3 × 8 na 8 × 3 ni kitu kimoja, kwa hiyo yanabaki 55. Ondoa ya 1, 2, 5 na 10, ambayo mtoto wa sokoni anayajua: yanabaki 21. Jedwali la 9 ni la 10 likipunguzwa mara moja: 9 × 6 ni 60 toa 6, ni 54. Yanabaki 15. La 4 ni kuongeza maradufu mara mbili. Yamebaki kumi. Majibu kumi tu ndiyo yanayomsumbua mtoto, na nyumbani mnaimba mia.

Kwa hiyo asifuate mpangilio wa 1, 2, 3, 4. Aanze na 2, 10 na 5. Kisha 4, kisha 8, zote kwa maradufu: saba mara mbili 14, maradufu 28, maradufu tena 56. Hiyo ndiyo saba mara nane, kwa hatua tatu badala ya nane. Kisha 9. Kisha 3, na maradufu yake ambayo ni 6. Ya 7 ikija mwisho itakuta imebaki 7 × 7 peke yake.

Kabla ya kukariri chochote, aone kuzidisha ni nini. Panga mafungu sita ya mgebuka, kila fungu samaki wanne. Samaki wangapi? Sasa wapange kwa mistari, mistari sita ya samaki wanne, halafu umwambie azunguke upande wa pili wa meza. Ameona mistari minne ya samaki sita, na hakuna samaki aliyeongezeka. Kama samaki hawapo, chora nukta.

Mazoezi yawe ya dakika kumi, siku tano kwa wiki. Kadi nne kwa siku: tatu anazozijua, moja mpya. Akikosa, usimpe jibu, muulize, "Unajua kipi kilicho karibu?" Akisema 5 × 7 ni 35, basi 6 × 7 iko saba mbele yake. Saa ya kupima kasi usiitoe hadi afike jibu bila vidole. Ukiitoa mapema, atarudi kwenye wimbo kwa hofu.

Nafundisha Darasa la Tano, Uvinza. Sehemu zinatushinda. Watoto wanajumlisha theluthi na robo wanapata 2/7, na wengi wanaamini 1/8 ni kubwa kuliko 1/4.

Hayo makosa mawili ni ndugu. Mtoto anasoma 1/4 kama namba mbili, si kama namba moja. Akiona 8 na 4, nane ni kubwa, basi. Akiona 1/3 + 1/4, anajumlisha viasi (namba za juu), anajumlisha asili (namba za chini), anaendelea na safari.

Chungwa na chapati ni vizuri kwa nusu na robo, ila kugawa duara katika theluthi sawa ni kazi hata kwa fundi. Tumia ukanda wa karatasi. Karatasi ya A4 ikatwe iwe na urefu wa sentimita 24, kisha ipasuliwe kwa upana wa sentimita 3. Upana wake wa sentimita 21 unatoa kanda saba, na saba ndizo unazohitaji: nzima, nusu, theluthi, robo, 1/6, 1/8 na 1/12. Tumechagua 24 kwa sababu inagawanyika kote huko bila baki. Kwa rula, alama za nusu ziko kila sentimita 12, theluthi 8, robo 6, 1/6 kila 4, 1/8 kila 3, na 1/12 kila 2. Watoto wawili wawili washirikiane seti moja. Darasa la 60 ni karatasi 30. Wakikunja kwa macho bila rula, theluthi zitatoka zisizo sawa na somo lote litaharibika.

Swali la kwanza: robo na 1/8, ipi ndefu? Waziweke sambamba. Sentimita 6 na sentimita 3. Kisha waseme kwa maneno yao, hata kwa Kiha kama ndiko wanakopata maneno, kwa nini asili ikikua kipande kinapungua. Kilo moja ya chumvi wakigawana watu wanne, na kilo hiyohiyo wakigawana wanane: nani ataondoka na nyingi? Hakuna mtoto wa Uvinza atakayekosea hapo.

Sasa theluthi na robo. Kabla ya kujumlisha, wakisie: jibu litakuwa dogo au kubwa kuliko theluthi? Kubwa, bila shaka, maana tumeongeza. Wapime 2/7 ya sentimita 24: haifiki hata sentimita 7, wakati theluthi peke yake ni sentimita 8. Wameongeza, wamepata pungufu! Acha hilo liwakere kidogo. Kisha waweke theluthi na robo zikifuatana, walete ukanda wa 1/12. Theluthi inafunikwa na vipande 4, robo inafunikwa na vipande 3. Jumla 7/12, ambayo ni sentimita 14, sawa na 8 na 6. Hapo ndipo unapotaja Kigawe Kidogo cha Shirika, wakiwa wameshakishika mkononi: ni ule ukanda ambao vipande vyake vinafunika zote mbili bila kubakiza.

Jambo moja dogo linalosahaulika: chora mstatili uliogawanywa vipande vinne visivyo sawa, utie rangi kimoja, uulize kama ni robo. Ukisikia "ndiyo" kutoka nusu ya darasa, rudi nyuma siku moja.

Mimi na mwalimu wa mwanangu, Kibondo, hatuelewani. Swali: 20 − 8 + 5. Yeye anasema kwa MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) jibu ni 7. Kikokotoo changu kinasema 17.

Ni 17. Una shilingi 20,000, ukatumia 8,000, kisha mtu akakurudishia deni lake la 5,000. Unazo ngapi? Mwalimu wako amejumlisha 8 na 5 kwanza kwa sababu JU imetangulia TO ndani ya neno, na kwa kweli neno lenyewe ndilo linalodanganya. Kujumlisha na kutoa ni ngazi moja. Unakwenda kutoka kushoto. Kugawanya na kuzidisha nako ni ngazi moja.

Ajabu ni kwamba upande wa GAZI neno halidhuru. 6 × 8 ÷ 4, ukianza kushoto ni 48 ÷ 4, yaani 12. Ukigawanya kwanza ni 6 × 2, ileile 12. Na 24 ÷ 4 × 2 ni 12 kwa njia zote mbili. Atakayeanza kuzidisha ndiye atakayepata 3. Ndiyo maana kosa linajificha miaka: walimu wanajaribu upande huo, wanaona neno linafanya kazi. Linavunjika kwenye JUTO tu, pale alama ya kutoa inapotangulia ya kujumlisha. Waandike ubaoni kwa ngazi tatu, MA, kisha GAZI, kisha JUTO, na mshale wa kwenda kulia chini ya kila ngazi. Wakifika kwenye vipeo, wavitie baada ya mabano: 2 × 3² ni 18, si 36.

Mpelekee mwalimu mfano wa shilingi faraghani, si mbele ya watoto.

Mtoto wetu anasoma shule ya Kiingereza hapa mjini. Shuleni saa saba, nyumbani saa moja. Amechanganyikiwa na sisi pia.

Mkalisheni mbele ya saa ya ukutani. Mshale mfupi uko kwenye 7. Aweke rula ipite katikati ya saa: upande wa pili inagusa 1. Namba ulipo mshale ni saa ya shuleni, namba iliyo mkabala nayo ni saa ya nyumbani. Inafanya kazi kwa namba zote kumi na mbili kwa sababu tofauti ni saa sita, nusu kamili ya uso wa saa. Dakika hazibadiliki.

Lililo gumu zaidi linakuja Darasa la Nne. Boti imeondoka Kibirizi saa 3:15, imefika saa 5:05. Imetumia muda gani? Watoto wanaandika 505 toa 315, wanapata 1:90. Wamefungua mia wakati saa ina dakika 60. Wafundishe kuruka: kutoka 3:15 hadi 4:00 ni dakika 45, hadi 5:00 ni saa moja, hadi 5:05 ni dakika 5. Saa 1 na dakika 50. Wakishazoea kuruka ndipo waonyeshwe njia ya kupanga wima.

Mimi ni mwalimu mkuu, Buhigwe. Darasa la Tatu hadi la Tano nina watoto 240 na walimu sita. Ndani ya Darasa la Tano kuna anayegawanya vizuri na kuna asiyesoma namba 60. Mwalimu mmoja atawafundishaje wote?

Hawezi, mwalimu mkuu, na ratiba inayomtaka aweze ndiyo yenye kasoro. Kwa saa moja kwa siku, wapangeni kwa kiwango na si kwa darasa. Saa zinazobaki waendelee na mtaala kama kawaida. Njia hii ilikuzwa na Pratham, shirika la India lililoanzishwa Mumbai mwaka 1995, na miongoni mwa walioipima kwa majaribio ni Abhijit Banerjee na Esther Duflo, ambao walipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Imeshafika nchi kadhaa za Afrika.

Anzeni kwa kupima mtoto mmoja mmoja, kwa mdomo na karatasi. Mtihani wa darasa zima hautawasaidia. Anayenakili na asiyeweza kusoma swali wote watafichika. Maswali yawe ya ngazi nne: asome namba tano kati ya 1 na 9, asome tano kati ya 10 na 99, afanye mawili ya kutoa yenye kufungua kumi, afanye mawili ya kugawanya, mfano 87 ÷ 4. Akipata nne kati ya tano, au yote mawili, apande ngazi inayofuata. Akikwama, simamisheni hapo, andikeni ngazi yake, msimkatishe tamaa kwa kumalizia karatasi. Dakika nne kwa kila mtoto ni dakika 960. Kwa walimu sita ni dakika 160 kila mmoja, yaani saa 2 na dakika 40. Asubuhi mbili zinatosha.

Kisha makundi. Mwalimu wenu bora mpeni kundi la chini kabisa. Shule nyingi hufanya kinyume, bora anapelekwa kwenye darasa la mtihani na mgeni anaachiwa wasiojua, kisha kila mwaka tunashangaa. Kundi hilo lisizidi watoto 30, lifanye kazi kwa njiti na mafungu kama tulivyomwambia mwalimu wa Kasulu. Majina yasiwe A, B na C, wala "wazito" na "wepesi"; watoto wanajua kusoma majina hayo haraka kuliko namba. Yaiteni kwa mito ya mkoa wenu: Malagarasi, Luiche, Ruchugi. Mkibadilisha ngazi, badilisheni na majina, ili Ruchugi isigeuke kuwa tusi.

Mambo mawili huwa yanaua mpango. La kwanza, saa hiyo kumezwa na vikao, mazishi na usafi wa mazingira hadi inabaki siku mbili kwa wiki; iwekeni asubuhi, mara baada ya mstari. La pili, mtoto kuwekwa kundi la chini na kusahaulika humo. Pimeni upya kila baada ya wiki mbili kwa maswali ya ngazi yake tu, dakika mbili kwa mtoto, na atakayepita ahame siku hiyohiyo, asisubiri muhula. Mzazi atakuja kulalamika kwamba mwanawe wa Darasa la Tano amekaa na wa Darasa la Tatu. Msijitetee kwa maneno. Mwonyesheni ile karatasi ya siku ya kwanza, mwiteni mtoto, ajenge 42 kwa njiti mbele ya mzazi wake, atoe 17.